Perege Aliyekataa Kufumba Macho

Aliyemsukuma kijana huyu kwenye udaktari wa samaki ni ng'ombe. Alimsukuma kwa mguu wa nyuma, mbele ya darasa zima la udaktari wa mifugo, kijana akaenda kukaa ndani ya pipa la pumba kama bidhaa inayongoja mnunuzi. Alipotoka humo, pumba mpaka masikioni, alikuwa ameshaamua: atatibu mgonjwa asiye na miguu. Tangazo la mafunzo maalumu ya tiba ya viumbe wa majini lilikuwa limebandikwa ukutani siku nyingi. Yeye akaliona siku hiyo, akasema huo ni wito.

Mama yake, aliyeanza kumwita Dokta kabla hata hajapata koti jeupe, alipopigiwa simu akadhani amesikia vibaya.

"Samaki, mwanangu? Samaki akiumwa si analiwa?"

"Mama, watu wanafuga maelfu kwenye mabwawa. Ugonjwa ukiingia wanakufa wote."

"Basi wawale haraka."

Hoja kubwa ya Dokta, ile ya mateke, haikuwa ya kumwambia mama.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na matangi ya duara, pampu za hewa zilizobwabwaja kutwa, na sakafu isiyojua kukauka. Mwalimu alikuwa mama mmoja mfupi wa buti za mpira, asiyepandisha sauti. Kabla ya mtihani wa vitendo alisema kwa upole kabisa, "Mgonjwa akifia mikononi mwako kwa uzembe, mafunzo haya umemaliza. Utarudi kwa ng'ombe."

Dokta akahisi goti, lile lililokula teke la ng'ombe, linamuuma.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuisema. Mlaze perege kwa dawa ya usingizi ndani ya ndoo, mkwangue ute wa ngozi, uupake kwenye kioo na uutazame kwa hadubini kabla haujakauka, kisha umrudishe mgonjwa kwenye maji safi akiwa hai. Akapima dawa vizuri. Perege akayumba kama mlevi, akalala ubavu. Meza ya pili, mwenzake waliyemwita Mikasi kwa wepesi wa mikono alikuwa tayari anakwangua.

Dokta akainama. Perege alikuwa anamtazama. Macho kodo! Kwa ng'ombe alizoea kutazama macho. Yakiwa wazi, bado hajalala. Huyu hata kusinzia hakusinzia. Dokta akaongeza dawa, akangoja, akaongeza tena kidogo.

"We Dokta, unangoja nini?" Mikasi alinong'ona.

"Hajalala. Ananikodolea."

"Tangu lini samaki akawa na kope?"

Jamani! Hilo la kope aliliandika mwenyewe kwenye jaribio lililopita, akapewa alama zote na akatamba nazo bwenini. Kumbe kichwa kilishahamia kwa samaki, mikono bado inaishi zizini.

Akakwangua ute mbio mbio, akaupaka kwenye kioo, akamtia perege kwenye tangi la maji safi. Perege akazama kama kijiko. Vifuniko vya matamvua, pale samaki anapopumulia, vilikuwa vimetulia tuli.

"Kioo chako kinakauka," Mikasi alimkumbusha.

"Kikauke."

Akazamisha mikono, akaanza kumsukuma perege mbele na nyuma, kama mtu anayesuuza soksi, mpaka mwalimu akakohoa.

"Mbele tu. Maji yaingie mdomoni, yatokee kwenye matamvua."

Basi akamwongoza mbele, mdomo wazi, akizunguka tangi kama mpambe anayemtembeza bwana harusi. Mikono ya koti ikaloa, suruali ikafuata. "Twende, baba, twende. Usinifanyie hivi. Mimi kwa ng'ombe sirudi, wataniua." Akayasikia maneno yake mwenyewe. Mgonjwa anakata roho, daktari analilia magoti yake mwenyewe! "Samahani," akamwambia. "Wewe kwanza."

Raundi nyingine. Nyingine. Kifuniko kimoja kikatikisika. Kikatikisika tena. Ghafla mkia ukampiga kofi la maji usoni, perege akakimbilia upande wa pili wa tangi, mbali na mganga wake. Kwa kweli nani angemlaumu?

Mwalimu akainua kile kioo kwenye mwanga. "Ute umekauka. Hapa hakuna cha kutazama."

"Najua, mwalimu."

"Alama za hadubini huna."

"Najua."

"Lakini mgonjwa unaye." Akakiweka chini. "Unabaki kwenye mafunzo. Kazi ya kioo utairudia. Na leo hutoki humu mpaka huyo ale."

Wenzake wakaondoka wakicheka. Dokta akageuza ndoo, akaikalia, suruali imemganda mapajani, akatupa punje ya chakula. Perege akaidaka, akaitema. Akaizunguka. Akaichukua tena, na safari hii akaimeza. Dokta akatazama huku na huku apate wa kumwonyesha. Hakukuwa na mtu. Akajipigia makofi mwenyewe, polepole, asije akamshtua mgonjwa.