Bata Akataa Kufunika Mgongo

Pale kwenye bwawa la umma walimwita Bata, naye jina alilipenda. Alikuwa fundi cherehani, mjane, aliyejifunza kuogelea uzeeni baada ya magoti kumgomea. Akichoka kuogelea hujitumbukiza kwenye jakuzi, kijibwawa cha maji ya moto, akapiga soga na wenzake katikati ya povu.

Siku moja mgongo ukaanza kumwasha. Kulipokucha, vipele vyekundu vilikuwa vimemjaa kila mahali nguo ya kuogelea ilipombana, vingine vimetunga usaha.

"Ni vijidudu," daktari alimwambia. "Vinashamiri kwenye maji ya moto yasiyotiwa dawa ya kutosha. Siku nyingine ukitoka majini, vua nguo mbichi hapo hapo, uoge kwa sabuni. Kwa sasa usiingie majini mpaka upone."

Mdogo wake akamsihi ajifungie ndani. "Dada, watu watakucheka."

"Wacheke. Kwani nimeiba?"

Bata akatwaa gauni lake jipya, akakata kitambaa chote cha mgongoni, akapinda kingo vizuri. Akalivaa, akaenda bwawani.

Meneja alipomwona, uso ukamshuka. "Mama, hivyo ni vipele vya joto tu. Maji yetu ni safi. Jifunike, unanifukuzia wateja."

"Hao wateja ndio niliowafuata."

Akavuta kiti mpaka mbele ya jakuzi, akaketi, mgongo kawapa watu. Kila aliyeuliza alijibiwa bila kupunguziwa neno. Meneja alitishia kuita mlinzi. Bata akamwambia amwite, naye aje aone.

Hapo dereva mmoja wa lori akapandisha fulana. Tumbo lake lilikuwa na vipele vile vile. "Mke wangu kanihamishia sebuleni kwa ajili ya hivi!" Mama mwingine akasema mwanawe anavyo mapajani.

Meneja akaamuru jakuzi limwagwe maji. Maji yalipokwisha kutoka, chini ya ngazi zake ukakutwa utelezi wa kijani, mzito kama uji. Jakuzi likafungwa lisafishwe upya, na baadhi ya wenzake wa soga wakamnunia Bata kwa kuwakatia raha.

Ngozi ilipopona alirudi. Mmoja wao akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Huyo ndiye aliyetufungia jakuzi."

"Ndiye mimi," Bata akasema. "Na likifunguliwa, nitalikagua kabla yenu."

Akavuta pumzi, akajitosa kwenye bwawa kubwa.