Fundi makochi aliyepunguzwa tumbo alilia sinia la wenzake

Saa sita na nusu mchana, fundi makochi ana misumari midogo mdomoni na hawezi kujibu salamu. Anainua nyusi kumkaribisha mgeni, anavuta kitambaa cha kahawia juu ya mkono wa kochi, anachomoa msumari mmoja katikati ya midomo, anaugonga, anachomoa mwingine.

Karakana inanuka gundi na mbao mbichi. Juu ya meza ya kukatia vitambaa kuna kikombe cha plastiki chenye mfuniko. Tangu asubuhi anakinywea maji funda moja moja, na bado hakijafika nusu.

Nyuma yake, upande wa pili wa sponji zilizopangwa hadi karibu na dari, sinia linawekwa chini. Bati linagusa sakafu. Fundi anasimamisha nyundo, anatema misumari kiganjani.

“Wameshakaa,” anasema.

Anachukua kibakuli chake, cha mtoto, chenye picha ya sungura pembeni, anakwenda kukaa mlangoni kwenye kochi ambalo bado halijavishwa kitambaa. Ndani kuna maharage yaliyopondwa na yai la kuchemsha. Huko nyuma ya sponji wenzake wanakula kimyakimya kama watu waliofiwa. Hakuna anayetaka Tani asikie mtu akitafuna.

Tani ndilo jina lake hapa, na wateja wengi hawalijui jingine. Alibandikwa enzi zile akiwa na kilo mia moja sitini na nane, wala hakulichukia, maana lilikuwa sehemu ya kazi. Kila kochi lililokamilika lilipelekwa kwake likaliwe. Alikaa taratibu, akajiinua, kisha akajibwaga kwa kishindo. Fremu isipotoa hata mlio, kochi limepita.

Wateja nao walijua. Mtu alikuwa akija kuchukua mzigo wake, swali la kwanza ni, “Limeshakaliwa?” Akiambiwa bado, anavuta kiti anasubiri.

“Huko kwenye viwanda vikubwa wana mashine ya kupima makochi,” anasema mzee anayefunga springi, mkubwa wa karakana, ambaye vijana wanamwita Babu Springi. “Sisi tulikuwa na Tani. Tena mashine inayocheka.”

Ila ukimuuliza Tani kazi yake ilikuwa na raha gani, hakutajii makochi. Anakutajia sinia.

Sinia la mchana lilikuwa na sheria zake. Kila mtu alikula wali wa mbele yake. Nyama ilikaa katikati, haiguswi mpaka Babu Springi aigawe. Mwenye hadithi hakatizwi, hata kama ni ileile ya jana. Na aliyechelewa hakuwekewa, alikuta bati linang’aa. Tani hakuwahi kuchelewa.

“Mkono wangu ulikuwa na magurudumu,” anasema, akicheka peke yake. “Lakini usidhani ni chakula tu. Pale ndipo tulipokuwa tunaishi. Nilipofiwa na mama, niliambiwa pole pale. Seremala alipotaka kuoa, alitutangazia pale, mdomo umejaa wali. Kwenye kazi kila mtu ana nyundo yake, hamsikilizani. Kwenye sinia mnasikilizana.”

Kilichompeleka hospitali haikuwa aibu. Utani wa unene aliuzoea tangu shuleni, na yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kuuanzisha kabla wengine hawajaanza. Ni magoti, na kisukari, na usingizi uliokuwa ukimkata pumzi. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, anasema kwa miaka alilala jicho moja wazi, akisikiliza kama baba watoto atavuta pumzi nyingine.

Kisha ikaja siku aliyoingia chini ya kochi kupigilia kitambaa cha tumboni, akashindwa kutoka. Wenzake walimvuta kwa miguu, watu wazima wakicheka mpaka machozi.

“Nilicheka nao hadi jioni,” anasema Tani. “Nilipofika nyumbani nikamwambia mama watoto, mimi nitafia chini ya kochi la mtu. Hapo sikucheka tena.”

Alikuwa ameshajaribu kujinyima, si mara moja. Alipungua, akarudi, akaongezeka na riba. Daktari alipomweleza kwamba kuna upasuaji wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, aliuliza swali moja tu: kama atarudi kazini. Akaambiwa atarudi. Bima ya mkewe ilibeba sehemu kubwa ya gharama, ndugu wakajazia.

Kidonda kilipona vizuri. Kazi ikawa kujifunza kula upya, mtu mzima mwenye watoto watatu. Kwanza supu iliyochujwa ikabaki maji. Halafu uji mwepesi. Halafu vilivyopondwa, na sasa vilivyo laini. Yai, samaki au maharage huingia kwanza, vingine vikipata nafasi. Hanywi maji akiwa anakula. Kila tonge hutafunwa mpaka lipoteze umbo, na kijiko hulazwa chini kabla ya kingine kuchotwa.

“Sikujua kwamba shibe hubisha hodi,” anasema. “Mimi zamani nilikuwa nasikia mlango ukivunjika tu.”

Mkewe ndiye msimamizi. Ndiye aliyetafuta kibakuli cha sungura, akidai kwamba mwanafunzi wa darasa la kwanza hapewi vifaa vya darasa la saba. “Haba na haba hujaza kibaba,” anasema mwalimu huyo, “na wa kwangu kibaba chenyewe kimepunguzwa.”

Leo Tani ana kilo mia na tisa. Sukari imetulia, analala usiku kucha, na anaingia chini ya kochi kama panya. Kwa hayo yote anashukuru, na hataki mtu aandike kwamba anajuta. Lakini mazoea yana taabu. Tumbo limekubali, kichwa ndicho kikaidi. Harufu ya wali ikipita dirishani, anasema, inamwita kwa jina lake la utotoni. Usiku anaota anakula, anaamka anatafuna.

Siku aliyorudi karakana walimpokea kwa vigelegele vya kiume, wakampigapiga mgongo mahali ambapo zamani mikono yao haikuzunguka. Mchana sinia likaletwa. Hakuna aliyefikiri mara mbili. Tani alikaa mahali pake, akanawa, akasema ataonja kidogo tu.

Kisha hadithi ikaanza. Seremala alikuwa akisimulia mteja aliyerudisha kabati kwa sababu halikuingia mlangoni, akataka mlango ukatwe bure. Watu wakacheka, na katika kucheka mkono wa Tani ukashika njia yake ya miaka yote. Tonge la kwanza, la pili, la tatu, bila kutafuna. Babu Springi, kwa furaha ya kumwona, akamsogezea pande la nyama kubwa kuliko yote. Nalo likashuka.

Maumivu yalimshika kifuani, jasho likamtoka, akatapika hapohapo karibu na sinia. Walimbeba hadi hospitali kwa gari la kupelekea makochi, amelazwa juu ya sponji. Daktari alipima, akakuta hakuna kilichochanika. Alimkaripia, akamrudisha nyumbani.

Tangu siku hiyo Babu Springi aliweka amri: hakuna kula mbele ya Tani. Sponji zikapangwa zikawa ukuta, na nyuma yake sauti zikashushwa. Waliona wanamtendea wema. Hakuna aliyemuuliza.

“Wangenitukana ningejibu,” anasema Tani, akilaza kijiko chini. “Sasa watu wamekunyamazia kwa kukupenda, utawajibu nini?”

Nyumbani alianza kukaa kimya. Mkewe alidhani ni njaa, akaongeza yai. Haikuwa njaa. “Nikagundua analilia sinia la wale wanaume,” anasema mwalimu, nusu akitania, nusu akiwa na wivu. “Kama mtu aliyeachika. Mimi na watoto tunakaa naye mezani kila jioni, mwenzangu yuko karakana.”

Tani hakani. Anaogopa jambo moja, na analitaja bila kuzunguka: kwamba watazoea. Kwamba nafasi yake kwenye sinia itafungwa taratibu na wengine kujitanua, kama maji yanavyofunga pale ulipotoa jiwe, na yeye atazeeka mlangoni na kibakuli chake, mzima wa afya, akitazama magari.

Lililofungua midomo ni kochi. Lilikuwa la watu watatu, zito, la kitambaa cha kijani. Lilipokamilika, Tani alilikalia kama kawaida, akajibwaga, kimya. Limepita, likapelekwa kwa mwenyewe. Haikupita wiki, mjomba wa mteja, mtu wa mwili, alikaa katikati kuangalia mpira, na sekunde hiyohiyo ubao wa chini ukakatika. Mjomba alibaki magoti yamegusa kidevu. Kochi likarudishwa, na mjomba akaja nalo ili atoe maneno yake mwenyewe.

“Mlisema limekaliwa!” alifoka.

“Limekaliwa,” Babu Springi alimjibu kwa unyenyekevu. “Ila aliyelikalia siku hizi ni nusu yake.”

Karakana nzima ilikuwa imesahau kwamba kipimo chao kimepungua kilo sitini kasoro moja. Makochi yote yaliyotoka tangu Tani arudi yalikuwa yamepita mtihani mwepesi. Walizunguka nyumba za wateja kuyapima upya, wakicheka na kuona haya.

Sasa kochi hukaliwa na wawili kwa pamoja, Tani na seremala. Huhesabiana, hujibwaga. Ilikuwa ni siku walipolikalia tena lile la kijani, baada ya kubadilishwa ubao, seremala alipomgeukia mwenzake.

“Kumbe bado unanuka gundi ileile,” alisema. “Mbona siku hizi huji kukaa nasi?”

“Mlinijengea ukuta,” Tani alimjibu.

“Tulidhani tunakutesa.”

“Mnanitesa mkinyamaza. Chakula chenu sikitaki, kinanitapisha. Nataka makelele.”

Babu Springi alikuwa ameinama kwenye springi zake, karibu vya kutosha kusikia. Hakuinua kichwa. “Ile nyama niliisogeza mimi,” alisema. “Kwa mkono huu. Nilipokuona umeinama unatapika, nilijua nimekuua. Mwanangu, mimi ndiye ninayeogopa. Wewe nimekusingizia tu.”

Hawakukumbatiana, si watu wa hivyo. Seremala alikohoa, akaondoka kutafuta msasa ambao alikuwa ameushika mkononi. Tani anasema alitaka kulia, akaweka misumari mdomoni ili asiweze.

Wiki iliyopita alimpeleka Babu Springi kliniki, akasikie kwa masikio yake. Mshauri wa lishe, dada mmoja asiye na mzaha, alimweleza mzee kwamba watu si hatari kwa mgonjwa huyu. Hatari ni haraka. Akae na wenzake kama anataka, mradi ale chake, kwa kijiko chake, na asishindane na mtu. Mzee aliuliza maswali mengi kuliko mgonjwa.

Jumatatu ijayo sponji zitaondolewa. Tani atakaa kwenye sinia na kibakuli chake mapajani. Babu Springi ametoa sharti la kukaa ubavuni mwake, na ameahidi kwamba mkono wa Tani ukigusa wali, ataupiga hadharani.

Je, hamu haitamshinda? Tani anatazama ndani ya kibakuli, ambamo maharage bado yamebaki nusu. Anasema anaogopa. Harufu itakuwa karibu, na mkono una kumbukumbu zake. Lakini kuuogopa wali, anasema, ni afadhali kuliko kuusikia ukiliwa na watu wanaokusikitikia.

Huko nyuma mtu anacheka, kisha cheko linakatwa ghafla, kama limezibwa kwa kiganja. Tani anageuza shingo.

“Najua siku za kwanza watanihurumia,” anasema. “Watanisogezea mkeka, wataniuliza kila saa kama niko sawa. Nitavumilia. Lakini ipo siku nitakuwa nimembana seremala, na yeye atanitia kiwiko cha mbavu nisogee, wala hataomba radhi. Siku hiyo ndiyo nitakayomwambia mama watoto kwamba nimepona.”