Kibao cha Kaburi la Baba

Nilisomea kuchapa picha kwa mikono. Siyo kutoa kopi, jamani! Unachonga mchoro kwenye ubao, unaupaka wino, unalaza karatasi juu na kuikandamiza mpaka picha ihamie. Shahada ya kwanza, halafu miaka miwili ya uzamili Dar es Salaam. Picha ikihamia karatasini hugeuka, kushoto kunakuwa kulia, kwa hiyo kila herufi unaichonga kinyume. Miezi ya mwanzo nilikosea hadi nikatamani kuacha. Baadaye macho yakazoea, nikawa nasoma maandishi ya kinyume upesi kama gazeti.

Tulimaliza watano. Mmoja anafundisha chuo cha ualimu. Mmoja anabuni maua ya vitenge kiwandani, mwingine anauza fulana za kampeni na harusi. Aliyekwenda karakana ya wasanii Nairobi ndiye pekee anayechapa kweli. Mimi nina kibanda cha steshenari Old Korogwe.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo kule Mkata. Siku moja alikuja kibandani, nikamwamkia, akaketi kwenye benchi kunitazama nikivisha vyeti vya watu nailoni.

"Sasa mwanangu, hii ndiyo ile masta?"

"Hapana, baba. Hii ni riziki tu."

"Ile yenyewe nitaiona lini?"

Nikakasirika. Nikamwambia huku hakuna mtu wa kununua picha, na yeye anajua. Alipoinuka kuondoka ndipo akasema, "Nikifa, kibao changu uchonge wewe. Nizikeni pale njiani, watu wapite wasome jina langu, wajue nilisomesha mtu."

"Baba, acha maneno hayo bwana." Lakini yalinikaa moyoni, kwa sababu hakuwahi kuniomba kitu kingine.

Alifariki asubuhi, maziko yakapangwa alasiri ileile. Dada aliponipigia simu sikulia. Nilifunga mlango, nikatoa kipande cha mninga nilichokitunza tangu chuoni, nikaanza kuchonga. Mikono ilikumbuka yenyewe. Wallahi sijawahi kuchonga vizuri vile, hata kwenye kazi yangu ya mwisho chuoni. Nikakizungushia magazeti, nikapanda basi la Mkata nimekikumbatia.

Udongo uliposhindiliwa, baba mdogo akanipa ishara. Nikafungua magazeti, nikakisimamisha kichwani mwa kaburi, na nisiseme uongo, nilijisikia fahari mbele ya watu wote wale. Mzee mmoja akainama, akasogeza miwani yake.

"Astaghfirullah! Nani kaandika jina la marehemu kinyumenyume?"

Nikatazama. Mimi niliona jina la baba limekaa sawa kabisa. Nilichelewa kuelewa kwamba nimelichonga kinyume, kama ubao wa kuchapia. Nyuma yangu watu walianza kunong'ona kwa Kizigua, nikasikia wanataja uchawi.

"Si uchawi," nikasema. "Ndivyo tunavyochonga. Ukikipaka wino, ukaweka karatasi..."

"Tupake wino hapa kaburini?" baba mdogo akauliza. Hakufoka. Afadhali angefoka. "Hivi wewe ulisoma mpaka wapi vile?"

Akaking'oa, akakigeuza upande usiochongwa. Jirani yetu mmoja, ambaye kazi yake ni kuandika alama kwenye magunia ya mkaa pale barabarani, akakimbia nyumbani akarudi na kopo la rangi nyeusi. Hakuchukua hata dakika mbili. Herufi moja kubwa, nyingine ndogo, rangi inachuruzika, na kila mtu akasoma. Kikasimikwa hivyo. Mama alipoambiwa nyumbani, aliniuliza kama nilikuwa nimekunywa. Nilitamani ningekuwa nimekunywa kweli.

Nimeshakwenda kuzuru mara nyingi. Wapita njia wanasimama kidogo, wanasoma ile rangi, wanamwombea dua, wanaendelea na safari zao. Wakishapita nazunguka upande wa pili, natenganisha majani, napangusa vumbi kwenye michongo. Naisoma moja kwa moja, bila shida yoyote. Baba aliniomba jina lake lisomwe na watu.