Karatasi ya Mwisho ya Mji wa Ziwani

Misimu mitatu ya buni tulikingojea kitabu kile. Baba, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, alikuwa amemwagiza mnakili wa huko hadithi ya majini waliojenga mji chini ya ziwa. Kila msafara ulipoingia Karagwe, wa kwanza kuwasumbua wapagazi nilikuwa mimi. Subira huvuta heri, wasema watu. Mie niliona inavuta mvi tu. Mdachi alikwisha kuingia nchini kitambo ndipo kilipofika, kimefungwa kwa kipande cha kitambaa cha amerikani, kinanuka moshi wa njia nzima.

Mama hakujua kusoma. Alikuwa Mnyambo wa upande wa Isingiro, na alipoolewa na baba akasilimu, kaka zake walimwambia asikanyage tena kwao. Mimi chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilifundishwa kusoma herufi za Kiarabu. Basi kila baada ya sala ya alasiri tulikaa uani, yeye akimenya ndizi, mimi nikimsomea. Penye Kiswahili kigumu cha pwani nilimfafanulia kwa Kinyambo.

Lo, maneno yale! Mtunzi alisema watu wa mji ule hulala juu ya maji kama sisi tulalavyo mkekani, na mtu akinong'ona jina la ampendaye, jina lile huelea mpaka alfajiri. Mama aliacha kumenya, akaniambia nirudie. Nikarudia, nikarudia, hata nikawa naiona migomba ya uani ikiyumba taratibu, kana kwamba nasi tumezama. Chakula kilichelewa siku zile. Baba alinung'unika kwamba balaa hili kajiletea mwenyewe.

Ndani ya hadithi alikuwamo binti aliyeolewa na jini, akawa anatamani kwao. Kila siku mama aliniuliza kama atarudi. Nilimtania, nikamwambia asimkimbize mtunzi wa watu. Hakucheka.

Siku ya mwisho binti yule alifika mlangoni kwa wazazi wake, akabisha hodi. Ukurasa ukaishia hapo. Wanakili wa pwani wana desturi yao: chini ya ukurasa huandika neno la kuanzia ukurasa unaofuata, ili karatasi zisichanganyike. Pale chini paliandikwa "ndugu zake". Nikainua ncha ya karatasi, nikachungulia. Hapakuwa na kitu ila ngozi ya jalada. Karatasi ya mwisho ilikuwa imeng'oka njiani, Mungu ajuaye ni kwenye kijito gani. Moyo uliniuma, maana mama alikuwa ameshika ndizi moja muda wote, ananitazama mdomo.

Nikayakaza macho kwenye ukurasa uleule, nikaendelea kana kwamba nasoma. Ndugu zake wakaufungua mlango papo hapo, wakamkumbatia, wakalia, ng'ombe akachinjwa, mji mzima ukala. Nilijitahidi kuyapamba maneno yawe ya kipwani. Nilipomaliza, mama alifuta utomvu vidoleni.

"Mwanangu," akasema, "karatasi hujageuza."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikaanza kumwomba radhi, nikamweleza kilichopotea, lakini aliniwekea mkono gotini.

"Soma tena pale anapobisha hodi. Ila safari hii wasimfungulie upesi hivyo. Sitaamini."