Mtu Wetu Yuko kwa Watoto

Hapa kwetu Lubumbashi mtu akiugua hatuulizi anaumwa wapi. Tunauliza: "Tuko na nani kule?" Basi asubuhi ile baba alipoamka hawezi kukojoa, tumbo limevimba na kukaza, tulikaa sebuleni tukipekua ukoo mzima, tukitafuta mtu wa hospitali. Baba ni mstaafu wa reli, na sikuwahi kumwona akilia. Alishika ukingo wa meza akatuomba tufanye haraka.

Tulimpata binti wa shangazi yangu, muuguzi. Alijibu simu palepale: "Mumulete yomba kwangu. Hatasimama ku ligne." Yomba ni mjomba, ligne ni foleni, na baba alikuwa mjomba wake wa damu. Kwamba binamu yangu anatibu watoto, sote tulijua. Hakuna aliyeona tatizo.

Hospitalini tulipita mbele ya benchi la wanaume, ambako wazee kadhaa walikuwa wakisubiri zamu. Mmoja mwenye kofia ya sufu alijishika tumbo vilevile kama baba. Nilimwonea huruma, maskini asiye na mtu. Sitaficha: nilitembea kwa maringo.

Kwa watoto, baba alikalishwa kwenye kiti kidogo cha plastiki, chini ya twiga aliyechorwa ukutani. Binamu yangu akafungua daftari. Umri ulitakiwa uandikwe kwa miezi. Alianza kuzidisha, akachoka, akaandika tu "mkubwa". Safu iliyofuata ilitaka mama wa mgonjwa. Baba akasema mama yake alizikwa zamani.

"Basi njo we utasimama ku nafasi yake," binamu akaniambia. Nami, na ndevu zangu, nikatia sahihi kama mama wa baba yangu.

Mwanamke mmoja aliyempakata mwanawe alitutazama kwa muda. "Mutoto iko wapi?"

"Njo mi," baba akamjibu akijinyooshea kidole, jasho likimtiririka.

Daktari wa watoto alikuja, akamwangalia baba kuanzia viatu hadi mvi. Hakucheka. Alisema mgonjwa anahitaji mpira wa kutolea mkojo, na mipira ya pale ilikuwa ya vichanga. Akaandika karatasi ya kumhamishia upande wa wanaume, apange mstari kama wengine. Binamu yangu alitusindikiza hadi mlangoni akaomba radhi. Upande ule hakuwa na mtu.

Baba hakuweza tena kutembea wima. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu pamoja na aibu, maana niliona maringo yangu yanaweza kuniulia baba.

Tulipofika kwenye benchi, mzee wa kofia alikuwa anatoka, akifunga mkanda, uso umelegea kwa raha. Alitusalimu, akasifu walivyomhudumia haraka. "Mi nilitoka Kipushi, nilikuya bila kujua muntu ata moja. Banatumika mbio humu." Kisha akamtazama baba vizuri. Aligeuka, akarudi kwa muuguzi aliyemhudumia.

"Maman, uyu iko ndugu yangu. Mumupitishe."

Hawakuwahi kuonana maishani. Muuguzi akamwita baba. Wazee watatu waliobaki kwenye benchi walitukodolea macho. Nilitazama sakafu, nikapita.

Baada ya dakika chache nilimsikia baba akilia nyuma ya pazia kwa nafuu aliyoipata, nami nikalia huku nje.

Tulipokuwa tunaondoka alinishika mkono. "Ule muzee," alisema, "kamata numéro yake."

Niliichukua namba ile. Iko kwenye simu yangu, nimeiandika "Hospitali". Mzee mwenyewe hafanyi kazi yoyote kule. Alikuwa mgonjwa wa siku moja. Lakini wiki iliyopita dada yangu alipoumwa jino, nilijikuta nampigia. Hakushangaa hata kidogo.

"Meno?" aliuliza. "Ngoya. Pale niko na muntu."