Spea ya Zamani

Duka letu liko Kariakoo, kwenye uchochoro wa vipuri vya pampu, na kwa miaka mingi lilikuwa na sheria moja niliyoiandika mwenyewe kwenye kipande cha boksi na kukitundika juu ya kaunta: HATUUZI SPEA BILA KUONA YA ZAMANI. Niliiandika kwa hasira. Nilikuwa nimechoshwa na watu wanaokuja na maelezo ya mdomo, kale kampira keusi ka duara, kisha wiki ijayo wanarudi kunigombeza kwamba hakakuingia. Mpira gani wa pampu usio mweusi wala wa duara? Nikasema basi, anayetaka spea aje na ya zamani mkononi.

Wateja wangu wengi ni kamati za maji za vijijini. Wafadhili huchimba kisima, hufunga pampu ya mkono, huikabidhi kwa sherehe na kuondoka. Miaka inapita, pampu inachoka, na spea zake hazipatikani hata mjini mkoani kwao. Ndipo wanapopiga simu dukani kwangu. Nami nilikuwa nawajibu kwa sentensi moja, mara nyingi nikiwa namhudumia mtu mwingine: leteni ya zamani.

Jumatatu moja ya kiangazi aliingia mama wa makamo kutoka mikoa ya kati, vumbi la safari bado liko kwenye viatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akajitambulisha kuwa yeye ndiye mwangalizi wa pampu, amechaguliwa na kamati ya maji ya kijiji chao, na amefikia kwa ndugu yake Buguruni. Akafungua kipande cha kanga, akatoa mpira wa pistoni, umeoshwa ukatakata. Nilifurahi kupita kiasi. Nikauinua juu ili wateja wengine wauone, nikawaambia huyu ndiye mteja, sio nyinyi mnaonichorea hewani. Wote walicheka isipokuwa yeye.

Mpira wa aina ile sikuwa nao. Nilizunguka maduka ya jirani hadi mtaa wa Gerezani, hakuna, na mzigo wangu ulikuwa bado bandarini. Nikamwambia kesho. Jumanne nikamwambia kesho tena, kwa sauti ile tunayoitumia Kariakoo wakati hata sisi wenyewe hatujui.

Alikaa kwenye benchi mlangoni kwangu siku mbili. Simu yake ikiita alikuwa anatoka nje, anasikiliza kwa muda mrefu, anarudi kukaa. Jirani wa ng'ambo alikuwa akimwaga maji barazani kwake kutuliza vumbi, ndoo baada ya ndoo, na yule mama akawa anayatazama mpaka yanaishia mtaroni. Nikaanza kuogopa bila kujua ninaogopa nini. Jumanne alasiri nikamuuliza kulikoni huko nyumbani. Akasema watu wamerudi kuchota lamboni, wanakokunywa ng'ombe. Zahanati imejaa watu wanaoharisha. Mjukuu wake wa miaka miwili, anayemlea yeye, ameanza tangu asubuhi.

Nikampa pole, nikaongeza kwamba pampu ikifa ndivyo mambo yanavyokuwa.

"Haikuwa imekufa," akasema. "Ilikuwa inatoa maji. Kidogo kidogo, mpaka upampu sana ndoo ijae, lakini tulikuwa tunakunywa."

"Sasa mama, mliifungua ya nini?"

"Si ulisema, mwanangu. Kwenye simu. Tulete spea ya zamani."

Aliyasema bila lawama, na hilo ndilo lililonimaliza. Walimtii mtu wa duka kama walivyofundishwa kumtii fundi. Waling'oa mabomba yote kutoka kisimani, wakatoa mpira uliokuwa bado unafanya kazi, wakamkabidhi mwenzao aulete Dar es Salaam. Na kwenye kichwa cha kila pampu ya aina ile pamegongwa namba inayotaja aina ya spea zake. Ningewaomba wanisomee namba tu, nusu dakika, wangeendelea kunywa hadi spea iwafikie. Nilijua namba ile ilipo. Sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu kibao kilikuwa kinanirahisishia kazi.

Mzigo ulitoka Jumatano mchana. Nilimsindikiza hadi kwenye basi, mpira mpya na wa zamani ikiwa pamoja ndani ya ile kanga. Ijumaa nilipiga simu, hakupokea. Jumamosi akapokea, nikamuuliza kama mpira umeingia.

"Umeingia sawasawa, mwanangu. Maji yanatoka mengi. Ya kwanza tulimwoshea mjukuu, tukamzika alasiri."

Kisha akanishukuru. Afadhali angenitukana.

Kibao nilikishusha siku hiyo hiyo. Sasa kila anayepiga namwambia asifungue kitu, anisomee namba. Lakini sheria yangu ilikuwa imeshatembea, kamati moja imeshaiambia nyingine. Wiki iliyopita simu iliita mapema, mtu wa kijiji nisichokijua, anataka spea ya pampu yao. Kabla sijafungua mdomo akaniambia nisiwe na wasiwasi, ya zamani wameshaitoa, na mwenzao yuko njiani anakuja nayo.