Mama wa Kanada Bado Yupo

Mlinzi anayelala kitanda cha chini hurudi asubuhi kutoka ghala la bandari ya Jebel Ali, huku ughaibuni, na kabla hata ya kuvua buti huwasha kiyoyozi hadi kingurume, ndipo atoe simu. Kamera yake ameiziba kwa plasta. Elisante, mwenye kitanda cha juu, humsikia akisoma kwa kunong'ona blogu ya mama mmoja wa Kanada, ambaye kila siku humpasha waziri mkuu wao bila kumung'unya maneno, na kuyasuta magazeti yanayowasemea matajiri wa mafuta na kuwasahau vibarua. "Ameweka jina lake kamili," mlinzi husema, akiigusa picha yake kwa kidole. "Na mji anaokaa!" Kisha hushusha pumzi: "Haya. Leo bado yupo."

Elisante alidhani mwenzake anapenda siasa tu. Lakini juma hili blogu imekaa kimya, na mlinzi hali, halali. Anafungua ukurasa, anafunga, anafungua tena, na mlango ukigongwa anaisukumiza simu chini ya godoro. Leo mikono yake mikubwa imeshindwa hata kulegeza kamba za buti.

"Kaka, khalas, basi tena, utajiua bure," Elisante akamwambia. "Kule ni Kanada. Mama wa watu yuko likizo."

Mlinzi akamwinulia macho mekundu.

"Mdogo wangu naye alikuwa akiandika hivyo hivyo," akanong'ona. "Tulipokwenda kumuulizia polisi, walituambia yuko likizo."